Injini Isiyo na Alama Yako

Baba, mwenye tupa na mashaka,

Barua hii haina bahasha. Kuna maneno niliyoyasema mbele za watu, na aliyeumia kwa maneno hayo amenitaka niyaondoe mbele za watu vilevile. Nakuandikia wewe uliyelala kaburini Manibe, lakini kila apitaye na asome, hasa waendesha boda wa karibu na soko la Arua waliokuwepo siku nilipomwita Fundi Rajabu mwizi.

Unanijua. Mimi ndiye mtunza stoo wa shule pale Ediofe, yule ambaye wapishi wanasema anahesabu maharage punje kwa punje. Si kweli, napima kwa kilo. Ila kila gunia linaloletwa nalifungua na kuchota kutoka chini kabisa, kwa sababu wauzaji huweka mazuri juu na mabovu chini. Tabia hiyo sikuzaliwa nayo. Ulinipa wewe, pamoja na msemo wako ule wa asubuhi na jioni, kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Naikumbuka siku ulipoileta pikipiki nyumbani. Ofisi ya kilimo ilikuwa inauza vyombo vyake vya zamani, na wewe, bwana shamba wa miaka mingi, ukapata mojawapo. Ilikuwa na tangi jekundu, taa ya mviringo, na ile injini ya kuchanganya petroli na oili ambayo leo imebaki kwa watu wachache. Mama alikuwa ameshatutangulia. Mimi nilikuwa na miaka kumi, dada Candiru kumi na minne, na tulitoka mbio tukidhani utatupandisha utuzungushe mpaka kanisani na kurudi. Wewe ukakaa chini kwenye kigoda, ukatoa tupa, ukaanza kuikwaruza pikipiki yako mpya.

Jumamosi nzima uliimaliza hivyo. Kila kitu kinachoweza kufunguliwa kwa spana ulikitia mikwaruzo mitatu midogo, mahali ambapo jicho haliendi: chini ya injini, nyuma ya kabureta, ndani ya mkono wa klachi, kwenye shokapu, hata kwenye kifuniko cha cheni. Ulisema fundi akikutolea spea nzuri na kukuwekea ya zamani, utamkamata kwa alama. Nilikuuliza kwa nini mitatu. Ulijibu bila kuinua kichwa, "Iko hesabu ya nyumba." Sikuuliza tena, maana ulikuwa umeanza kupuliza unga wa chuma na hukupenda kusumbuliwa.

Ulipotufundisha kuendesha, kwenye uwanja wa mpira wa misheni, hukutufundisha kwanza kupiga kiki ya kuwasha. Ulitufumba macho kwa leso na kututaka tutafute alama kwa vidole. "Macho nadanganya," ulisema. "Kidole hapana danganya." Candiru alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Akakuuliza, "Baba, nani ataiba bolti?" Ukamjibu, "Wewe ngoja tu." Yeye alijifunza kuendesha kwa siku mbili. Mimi nilichukua wiki mbili, lakini alama zote nilizipata, na ulinisifu mimi zaidi yake. Mpaka leo naona sifa ile iliniharibu kidogo.

Tulipokua, dada akampata Taban, mwendesha boda wa Koboko. Hukukataa, wacha niseme haki. Ulisema tu watu wake waje wajionyeshe, kwa kuwa kwetu binti hachukuliwi kama kuku wa sokoni. Watu hukaa, wakaongea, wakajulikana. Candiru alifurahi sana. Alikuambia, "Hata pikipiki yake iko sawasawa na yako," akidhani huo ni ushahidi wa tabia njema. Nawe ulitabasamu, nilikuona.

Siku ikapangwa. Ndugu zako walitoka Manibe tangu asubuhi wakiwa wamevaa makoti. Ulikodi viti vya plastiki, ukavipanga mwenyewe, safu mbili zikitazamana. Tulipika. Tukangoja. Saa sita watu walikuwa wanatazama barabara, saa tisa walikuwa wanatazamana, saa kumi na moja wakaanza kutazama viatu vyao. Hakuna aliyekuja. Baadaye tulisikia wajomba wa Taban waligombana wao kwa wao nani atangulie kusema, wakavunja safari. Lakini siku ile hatukujua chochote. Ulivirudisha viti wewe mwenyewe kwa pikipiki, vinne vinne, umevifunga nyuma kwa kamba ya mpira, na jirani zetu wote wakakuona ukipita na kurudi. Nadhani ni viti vile vilivyokuuma kuliko kitu kingine.

Juma lililofuata Candiru akaondoka, akaenda Koboko bila kuaga. Ukawaita ndugu zako tena, mara hii bila viti, ukaapa umesimama: "Kutoka leo mimi niko na binti moja. Kiti ya nyumba ile hapana kalia. Maji yake hapana kunywa, mpaka nakufa." Baba zangu wadogo wakatikisa vichwa. Na mimi, binti huyo mmoja, nikajisikia nimepewa kazi.

Nikaifanya, Baba, hata wewe shahidi. Simu zake sikuzipokea. Alipotuma gunia la karanga kwa dereva wa lori nililirudisha kwa lori lilelile, bila kulifungua, mimi ambaye hakuna gunia nisilolifungua. Ulikuwa umekaa barazani ukaniona. Hukusema neno. Nikadhani kimya kile ni pongezi.

Mwaka uliofuata ndipo pikipiki ikaharibika. Uliipeleka kwa Rajabu kwa ajili ya klachi tu. Ilikwenda ikilia vizuri. Ilirudi baada ya siku nne ikitoa moshi wa bluu na kukohoa. Nilikuuliza, "Huyu fundi amefanya nini?" Ulivua helmeti, ukaitazama mikono yako, ukasema, "Ah, mafundi hawa." Basi. Maneno matatu. Sijui kama ulijua ni mbegu ya aina gani unaipanda, wewe bwana shamba. Kuanzia pale, kila asubuhi nilipoisukuma ile pikipiki kwenye mteremko wa Ediofe ili iwake, na moshi wake kunijaa mdomoni, nilimlaani Rajabu kwa jina. Wewe ulinisikia ukiwa umekaa juu yake, na hukunikataza hata siku moja.

Kwa hiyo ulipougua, nikainama kitandani nisikie wosia wako, nilishangaa. "Pikipiki iko ya Ayikoru. Peleka kwa Rajabu. Kwa mwingine hapana." Nilifikiri ni homa. Nikakuuliza tena, ukarudia, "Kwa mwingine hapana," ukanibana kidole. Siku mbili baadaye ulikuwa umeondoka.

Tulikuzika Manibe. Nikiwa nimekaa na akina mama nilisikia pikipiki yako ikija barabarani, sauti yake ya zamani, kabla ya moshi. Nilijua inakolala: nyuma ya nyumba Ediofe, tairi zote hazina upepo. Nikajiambia majonzi yamenitia wazimu. Baadaye kidogo nikamwona Candiru amesimama nje ya ua, kitenge kichwani, haingii. Macho yetu yakakutana. Nikageuza yangu nikaanza kupanga vikombe. Hilo nalo naliandika hapa wazi, kwa kuwa linaniuma kuliko yale ya Rajabu.

Mwaka mzima pikipiki ilikaa pale nyuma. Kuku alitagia kwenye kiti, panya wakahamia kwenye kisanduku cha hewa, kutu ikala taa. Kila nilipotoka kuanika nguo ilinitazama. Mwisho nikasema potelea mbali, wosia ni wosia. Nikaomba gari la shule, tukaipakia, nikaipeleka kwa Rajabu.

Sikumwacha nayo peke yake, unadhani mimi ni nani? Nilichukua likizo yangu yote. Nilikwenda na kigoda na chakula changu, nikakaa chini ya bati lake kuanzia anapofungua mpaka anapofunga, nikimtazama mikono. Ni Mnubi wa hapa mjini, unamjua, kofia yake nyeupe haipati doa hata akiwa ndani ya grisi mpaka viwiko. Hilo pia lilinitia shaka. Mtu mchafu wa kazi na kofia safi, anaficha nini? Siku ya kwanza alinikaribisha chai. Nikamwambia nimekuja na yangu. Akacheka taratibu, akasema, "Baba yako kabisa."

Kazi yenyewe, siwezi kuidharau, aliifanya kwa adabu. Alitoa nyaya zote zilizoliwa na panya akaweka mpya. Tangi alilijaza kokoto na mafuta ya taa, akalitikisa kama anayepepeta, mpaka kutu ikatoka kama chai nzito. Tukalipiga rangi nyekundu, ileile. Kila spea aliyoifungua aliniwekea kwenye gunia lililotandikwa, nami nikafumba macho na kuipapasa. Kabureta, mitatu. Mkono wa klachi, mitatu. Shokapu za nyuma, zile ulizonunua mwaka mmoja kabla ya kuugua, mitatu. Nilikuwa naanza kuona haya kwa kumshuku.

Ndipo akaiosha injini kwa petroli. Nikapeleka kidole chini yake, pale nilipopajua tangu utotoni. Hakuna kitu. Nikapapasa tena, kushoto, kulia. Chuma kilikuwa laini. Nikatoa kadi ya pikipiki mfukoni, nikalinganisha namba ya injini. Siyo.

Baba, damu yangu ilichemka. Miaka yote ile ya kusukuma ikanirudia mdomoni pamoja na moshi wake. Nilisimama nikapiga kelele ili steji nzima ya boda isikie. Nilisema huyu amemwibia mzee injini nzima akamwekea maiti. Nilisema mtu asimwachie hata baiskeli. Waendesha boda wakaja, wakasimama wakiwa wameshika viuno.

Rajabu alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi hapana iba," alisema.

"Basi hii injini iko ya nani?"

"Uliza mwenye pikipiki."

"Mwenye iko udongoni!"

"Mimi najua. Mimi pia nalibeba jeneza." Akakitupia kitambaa begani. "Kama unataka polisi, njia unajua. Lakini mimi hapana sema kitu. Nalipewa neno, neno nakaa hapa." Akajigusa kifuani, kofia yake safi ikibaki palepale.

Kwangu hiyo ilikuwa hati ya kukiri. Mtu asiye na hatia angepiga kelele, nilifikiri, angeapa kwa mama yake. Polisi sikwenda, nilitaka kwanza niipate ile injini mkononi. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kesho yake waendesha boda wawili waliondoa pikipiki zao kwake. Kesho kutwa wengine. Mwisho wa wiki chini ya bati lake ilibaki pikipiki moja tu, yako, naye akiikaza nati ya mwisho kwa utulivu uleule. Akanikabidhi ufunguo. Ikawaka kwa kiki ya pili. Hata hilo nililishuku. Kwa nini mwizi amalize kazi?

Mmoja wa wale waendesha boda, aliyekuwa anaitazama sana, akaniambia, "Aina hii imebaki chache sana. Moja iko Koboko pale, nabeba watu mpaka leo. Hiyo injini yake, dada, iko moto." Sikuhitaji kusikia zaidi. Koboko! Nikaona picha yote: Rajabu huku, mnunuzi kule, na mzee wetu katikati anavuta moshi.

Jumamosi nikavaa suruali, nikafunga kitenge juu, nikaondoka. Wacha nikuambie jambo moja kabla sijaendelea na hasira. Safari ile ilikuwa tamu. Nilipita Manibe, nikapiga honi kwa ajili yako. Muhogo ulikuwa umeanikwa kando ya lami, mbuzi wakiunusa, malori ya Sudan yananipita na kunisukuma kwa upepo. Wanaume walisimama kutazama mwanamke juu ya chombo cha zamani kama hiki. Pikipiki ilikwenda vizuri. Injini ile niliyoiita maiti ilinipeleka bila kukohoa hata mara moja, na nilikuwa na shughuli nyingi za kukasirika hata sikuigundua kazi nzuri ya Rajabu.

Koboko niliisikia kabla ya kuiona. Nilikuwa nimesimama karibu na soko, helmeti mkononi, sauti ikaja kutoka upande wa barabara ya mpakani. Ile ya utotoni. Ile ya siku ya mazishi. Pikipiki ikasimama kwenye steji, mwenyewe akashuka kumpa abiria mzigo. Sikusema na mtu. Nilienda nikachuchumaa, nikafumba macho, nikapeleka kidole chini ya injini yenye moto. Niliungua, lakini niliipata. Moja, mbili, tatu.

"Hii iko ya nani?" nikauliza bila kusimama.

"Iko yangu, dada."

"Wewe nalipata wapi?"

Nikainua macho. Ni Taban. Amenenepa, ana mvi mbili tatu, lakini ni yeye, yule ambaye watu wake walikuachia viti vitupu. Naye akanijua. "Ayikoru," alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nikanyoosha mkono nikamwambia anipe ufunguo. Akanipa. Palepale. Kisha akasema, "Tuende nyumbani kwanza. Dada yako ndiye atasema."

Nilikwenda, lakini si kwa ajili ya dada. Nilikwenda kukamata wezi watatu kwa mpigo.

Candiru alikuwa anachambua mchele. Aliinuka, ungo ukabaki umeinama mkononi na mchele ukimwagika. Hakunikumbatia. Labda uso wangu haukuruhusu. Aliingia ndani, akatoka na kiti na kikombe cha maji.

"Kaa. Kunywa kwanza."

"Sikuja kukaa. Maji sitaki."

Akakiweka kiti chini, akacheka kicheko kilichokaribia kulia. "Na Baba alikuwa nasimama hapo hapo. Mguu wake hapo hapo."

Nikamwambia asimtaje Baba. Akanitaja mimi kwanza, kwa jina la utoto ambalo sitaliandika hapa, kisha akanieleza. Mwaka ule injini ya Taban ilikufa. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba kubwa, wanakula mara moja kwa siku. Hakuthubutu kukuomba wewe. Alimtumia Rajabu ujumbe amtafutie pistoni yoyote iliyotumika. Rajabu akakuambia wewe. Nawe ukamwambia afungue injini yako, nzima, aipeleke Koboko, na ile iliyokufa aifufue anavyoweza akufungie wewe. Na asimwambie mtu, hata wa nyumbani mwako, mpaka wa nyumbani mwako aende Koboko mwenyewe.

"Mwezi ule ule akaja," alisema Candiru. "Na ile pikipiki ya moshi. Akapiga honi mbili pale njiani. Natoka, naona baba. Akamwambia Taban apige kiki, akasikiliza. Nikaleta kiti, akakataa. Maji, akakataa. Nikamuuliza, sasa baba, kama umeapa, hii iko nini? Akasema, 'Mimi naliapa juu ya kiti na maji. Injini hapana kiti, hapana maji.'"

Nilikusikia kabisa, Baba. Sauti yako hasa, ile ya mtu anayemshinda mwenye duka kwa hoja.

Kumbe ulirudi kila msimu wa kupanda. Saa nzima umesimama kwenye ua wao, helmeti kichwani, ukimweleza nafasi ya kuacha kati ya mahindi na mahindi. Ukamshika mtoto wake ukiwa umesimama. Halafu unarudi Ediofe, unaniambia ulikuwa Maracha kumtazama rafiki. Na mimi nakupokea helmeti, nakupasha maji ya kuoga, mlinzi wa kiapo chako.

Nilikasirika, na sitakudanganya kwamba hasira imekwisha. Ulinisimamisha mlangoni nimzuie dada yangu, wewe ukawa unapitia dirishani kumwona. Miaka saba! Ulimwacha Rajabu abebe moshi wako. Ulishindwa nini kuniambia? Uliwaogopa ndugu zako kiasi hicho, au uliniogopa mimi, na hesabu zangu?

Nilimuuliza Candiru hivyohivyo, kwa kelele. Akasema, "Mimi nalimuuliza, Ayikoru atakuja lini? Akasema utakuja. Nikasema, lini? Akasema, 'Siku yeye natafuta mwizi.'"

Nikakaa. Nilipogundua nimekalia kiti cha nyumba ile, nilikuwa nimeshakikalia. Maana ndipo nilipokuona, Baba, kitandani pale, ukinibana kidole. Wosia wote ulikuwa mtego. Ulijua kwa mapenzi nisingekwenda Koboko, nilikuwa nimeyafungia ndani nikameza ufunguo. Ila kumkamata mwizi ningekwenda, hata kwa miguu. Ulijua nitapapasa chini ya injini. Nililia, nikacheka, nikalia tena, dada yangu akinishika kichwa. Kisha nikanywa maji, kikombe chote, nikaomba kingine.

Jumatatu nilirudi Arua na Candiru amekaa nyuma yangu, amenishika kiuno. Nilitaka tufike saa ile steji imejaa, na ilikuwa imejaa. Rajabu alikuwa peke yake chini ya bati, anasikiliza redio. Alipomwona Candiru akaizima.

"Umefika Koboko," akasema.

Nikapiga magoti. Akanikataza. "Hapana goti. Ile siku ulisema umesimama, na mdomo mkubwa. Sema tena umesimama."

Nikasimama nikasema. Nilisema Fundi Rajabu hakuiba. Nilisema alipewa neno na marehemu akalilinda hata nilipomvua nguo hadharani, na kwamba mwongo ni mimi, na aliyeniachia uongo ni baba yangu ninayempenda. Candiru akashuhudia. Waendesha boda walitazama chini, wengine wakakohoa. Mmoja alisogeza pikipiki yake chini ya bati.

Rajabu akasikiliza mpaka mwisho. "Vizuri. Lakini ile maneno imetembea mpaka pahali mdomo yako hapana fika. Watu nasikia huko Ediofe, huko Manibe. Andika." Ndiyo barua hii, Fundi. Nisamehe. Sikuombi unisamehe upesi.

Kisha akafungua boksi lake la spana, akatoa tupa. Niliijua kwa mpini wake uliofungwa raba ya tairi. "Baba yako naliacha hapa. Nalimwambia, mzee, tia alama kwa hii injini. Akakataa. Akasema iko ya Taban, hapana yake." Candiru akasema Taban ametuma neno: injini hii sasa ni yangu, na ile ni yake, tumebadilishana kama watu wa nyumba moja.

Nikalala chini ya pikipiki na kukwaruza. Wa kwanza. Wa pili. Hapo mkono ukasimama. Nilikuwa najiuliza nyumba yetu sasa ni ya watu wangapi, na wewe umeondoka. Na ndipo nikazikumbuka shokapu za nyuma. Ulizinunua mwaka mmoja kabla ya kuugua. Tulikuwa wawili tu nyumbani, miaka sita tangu uape una binti mmoja. Nikanyoosha kidole nikazipapasa tena, macho nimeyafumba.

Mitatu.

Nilimpa Candiru tupa, naye akaukwaruza wa tatu.

Pumzika, Baba. Bado nachota maharage kutoka chini ya gunia, hilo usitegemee litakwisha. Lakini karanga za msimu huu zimekuja kutoka Koboko, na gunia lake nimelipokea bila kulipima.

Mmoja kati ya binti zako wawili,
Ayikoru